Kushoto au Kulia: Kuchagua Chumba cha Meli kwenye Mto Chobe

Johannesburg haina mto wa kupitisha meli. Mji umejengwa juu ya mgongo wa Witwatersrand, na mvua inayonyesha hapo hugawana njia mbili: ya mteremko wa kusini huingia mto Vaal, kisha Orange, ikaishia Atlantiki, ya mteremko wa kaskazini hufuata kijito cha Jukskei, ikapitia Crocodile na Limpopo hadi Bahari ya Hindi. Hakuna kijito hata kimoja mjini kinachoweza kubeba abiria. Hata hivyo, safari nyingi za meli za mtoni kusini mwa Afrika hununuliwa hapa na kuanzia hapa, kwa sababu ndege za kwenda Kasane, Victoria Falls na Livingstone huruka kutoka uwanja wa OR Tambo. Mkazi wa mtaa wa Yeoville mjini hapa anayetaka kuwatembeza wazazi waliomjia kutoka Lubumbashi au Tanga ataletewa na wakala mchoro wa vyumba vya meli na kuulizwa anataka kipi. Akiuliza upande upi ni bora, jibu la kawaida ni kwamba pande zote ni sawa. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo ni la kweli meli ikiwa inatembea, na si la kweli meli ikiwa imefungwa. Kwenye mto Chobe, ambako wasafiri wengi kutoka Johannesburg hupelekwa, meli hukaa imefungwa kwa saa nyingi kuliko inavyotembea. Kwa hiyo upande una maana, na unaweza kukisiwa kwa ramani na kalenda kabla hata senti moja haijalipwa.

Tuanze na mto wenyewe. Chobe hutoka nyanda za juu za Angola ukiitwa Kuando, huitwa Linyanti ukifika mpakani mwa Namibia na Botswana, na huchukua jina la Chobe kabla ya kumwaga maji yake katika Zambezi pale Kazungula, ambapo Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe hukaribiana mno. Daraja lililofunguliwa hapo Mei 2021, lenye urefu wa mita 923, limejengwa kwa kupinda ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Sehemu inayotumiwa na meli za watalii iko magharibi ya hapo, kuanzia Kasane kuelekea Ngoma. Katika sehemu hiyo mto huenda mashariki kwa ujumla, ukiinamia kaskazini kidogo, na kingo zake mbili hazifanani hata kidogo. Ukingo wa kusini ni wa Botswana: ardhi imeinuka, nyuma yake kuna msitu mkavu, na karibu wote ni Hifadhi ya Taifa ya Chobe. Ukingo wa kaskazini ni wa Namibia: uwanda tambarare wa nyasi ambao mafuriko huufunika, wenye vijiji, ng'ombe na wavuvi wa mitumbwi. Hesabu ya tembo iliyofanywa kwa ndege mwaka 2022 katika eneo la hifadhi la nchi tano liitwalo KAZA ilikadiria tembo karibu 228,000, na kati yao karibu 132,000 walikuwa Botswana. Wakati wa ukame tembo hao hutoka msituni alasiri kuja kunywa, na hufikia maji kwenye ukingo wa kusini. Mito mingi humpa msafiri kitu cha kutazama pande zote mbili. Chobe ni mto wenye upande mmoja mzito na mwingine mwepesi, na kwa sababu hiyo swali la ubavu wa meli hapa si la kipuuzi.

Ni kwa nini basi meli zenye vyumba vya kulala zinalala ng'ambo ya Namibia, wakati wanyama wako Botswana? Sehemu ya jibu imo katika karatasi ambayo msomaji wa Kiswahili anaijua kwa sababu nyingine. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani, ule ule ambamo Ujerumani iliukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar, ndio ulioipa Ujerumani ukanda wa Caprivi ili koloni lake la Kusini Magharibi mwa Afrika lifike Zambezi. Mkataba huo uliweka mpaka katikati ya mkondo mkuu wa Chobe. Lakini karibu na Kasane mto hugawanyika mikondo miwili na kuacha kisiwa katikati, ambacho Namibia hukiita Kasikili na Botswana hukiita Sedudu. Mkondo mkuu ni upi? Nchi hizo mbili zilipelekana katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, na tarehe 13 Desemba 1999 majaji 11 dhidi ya 4 waliamua kwamba mpaka unafuata mkondo wa kaskazini, hivyo kisiwa ni cha Botswana. Mahakama ilisema pia, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba raia na vyombo vya nchi zote mbili vitendewe sawa katika mikondo yote miwili. Hukumu hiyo ndiyo inayoifanya meli ya Namibia ipite mbele ya tembo wa Botswana bila tatizo. Kulala ni jambo lingine. Hifadhi ina saa zake za kufunga, na boti za watalii hutakiwa kutoka jua linapozama. Meli yenye vyumba, kama Zambezi Queen yenye vyumba 14, ni ya upande wa Namibia: abiria hugongewa muhuri wa kutoka Botswana huko Kasane, huvushwa kwa boti ndogo hadi kisiwa cha Impalila, huingia Namibia, ndipo hupanda. Usiku meli hufungwa kwenye ukingo wa kaskazini. Hili ndilo jambo la kukumbuka katika yote yatakayofuata.

Sasa tuitazame meli inayotembea. Ikipanda mto kutoka Kasane kuelekea magharibi, Botswana iko kushoto na Namibia iko kulia. Ikirudi, mambo hugeuka. Tena mto hauendi sawasawa. Katika uwanda ule hupinda na kujirudia, kiasi kwamba ndani ya nusu saa omo ya meli inaweza kutazama kusini, kisha magharibi, kisha kaskazini. Mwenye chumba cha kulia atapewa nyasi asubuhi na msitu jioni, na mwenzake wa kushoto atapewa kinyume chake. Safari ya kwenda na kurudi kwa njia ile ile humpa kila mmoja haki yake, na wakala anayesema pande zote ni sawa anasema kweli kwa kiasi hicho. Nashauri tu kwamba mtu asihesabu kwa maneno ya kupanda na kuteremka mto bila kuangalia dira, kwa sababu Chobe hauaminiki katika hilo. Kati ya Machi na Mei, Zambezi unapofurika, maji yake husukuma ya Chobe kurudi nyuma, na mto huweza kutiririka kwa muda kuelekea magharibi. Maji yakibadili mwelekeo hivyo, magharibi na mashariki ndiyo maneno ya kutegemea.

Haki hiyo ya kugawana haipo kwenye kila maji, na inafaa kuona pale isipokuwepo. Ziwa Tanganyika ni mfano ulio karibu nasi. MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazinduliwa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kurudishwa kazini mwaka 1927, kwa miongo mingi ilishuka kutoka Kigoma hadi Mpulungu ikifuata mwambao wa mashariki. Abiria anayekwenda kusini na kushukia huko alikuwa na Tanzania kushoto kwake njia nzima: milima ya Mahale, vijiji, mitumbwi inayokuja kupokea watu na mizigo. Kulia alikuwa na maji mapana, na Kongo kwa mbali, na machweo. Huyo hakuwa na safari ya kurudi ya kumfidia, na kwake ubavu ulikuwa uamuzi wa kweli. Kwa meli ya usiku ya Mwanza na Bukoba hoja hiyo haina nguvu, kwani ziwa lote ni giza pande zote. Kwenye Nile, meli inayotoka Luxor kwenda Aswan huenda kusini, kwa hiyo ukingo wa mashariki uko kushoto na wa magharibi uko kulia. Hekalu la Kom Ombo liko mashariki na la Edfu liko magharibi, basi mambo karibu yanalingana. Lakini kwenye Nile kuna jambo ambalo mchoro wa vyumba hauonyeshi kamwe. Gatini Luxor na Aswan meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili, tatu au zaidi, na msafiri aliyelipia dirisha la mto huamka akitazama pazia la dirisha la meli jirani. Hapo tunafika kwenye kiini cha jambo: kinachoamua ubora wa dirisha ni mahali meli inaposimama na jinsi inavyosimama.

Meli iliyofungwa haigeuki. Ubavu mmoja unagusa ukingo au unakaribia kuugusa, na ubavu mwingine unatazama maji. Kwenye Chobe, ubavu unaogusa ukingo wa Namibia unatazama nyasi, matete na udongo ulio hatua chache kutoka dirishani, na ubavu wa pili unatazama mto wote hadi ukingo wa Botswana ambako tembo hunywa. Tofauti hii hudumu kuanzia jioni meli inapofungwa hadi inapoondoka siku ya pili. Na kuna miezi ambayo meli haiondoki kabisa. Maji ya Chobe hupungua kadiri ukame unavyoendelea, na kati ya Septemba na Desemba mto huweza kuwa na kina kidogo mno kwa meli kubwa. Wakati huo meli hubaki ilipofungwa kama hoteli, na abiria hupelekwa kutazama wanyama kwa boti ndogo zenye chini bapa. Bahati mbaya, au nzuri, ni kwamba miezi hiyo ya maji machache ndiyo miezi ambayo tembo hujazana mtoni, kwa kuwa madimbwi ya msituni yamekauka. Hivyo msimu ambao kuna mengi zaidi ya kuona dirishani ndio msimu ambao meli haitakugeuzia dirisha lako. Anayesafiri Juni anaweza kuchagua ovyo na asijute sana. Anayesafiri Oktoba anapaswa kuchagua kwa makini.

Upi basi? Kwa desturi ya mito, chombo hufungwa omo ikikabili mkondo, kwa sababu nahodha hukimudu vizuri zaidi maji yanapokuja kwa mbele. Katika ukame Chobe hutiririka kuelekea mashariki, basi meli iliyofungwa hivyo kwenye ukingo wa Namibia itakuwa na omo magharibi, ubavu wa kulia kwenye nyasi na ubavu wa kushoto kwenye mto. Kwa kukisia kwanza, chumba cha kushoto ndicho chenye mto na Botswana. Nasema kwa kukisia kwanza kwa sababu mkondo wa Chobe ni wa polepole na hauwalazimishi manahodha kama inavyofanya mito ya kasi. Wengine hufuata upepo, wengine umbo la ukingo, na wapo wanaopachika omo ndani ya ukingo kabisa ili tezi ndiyo itazame maji. Meli ikifungwa hivyo, kushoto na kulia hupata sawasawa, na chumba cha nyuma ndicho hushinda. Ndiyo maana swali la kumuuliza wakala si ubavu upi ni mzuri. Swali ni: mwezi huo meli hufungwa ukingo gani, na omo ikielekea wapi? Ofisi inayouza meli hiyo kila wiki inaweza kupata jibu kwa simu moja kwa watu walio mtoni.

Kisha kuna jua, na hapa mazoea ya Johannesburg humsaidia msafiri kwa nusu ya mwaka na humdanganya kwa nusu nyingine. Johannesburg iko karibu nyuzi 26 kusini mwa ikweta, kusini ya mstari wa Kaprikoni, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa kaskazini siku zote za mwaka. Kila mnunuzi wa nyumba mjini humo anajua hilo. Nyumba inayotazama kaskazini hutangazwa kwa sifa hiyo, kwa sababu hupata joto la jua wakati wa baridi. Kasane iko karibu nyuzi 18 tu, ndani ya mstari huo. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua huko huchomoza kaskazini ya mashariki, hupita kaskazini na kuzama kaskazini ya magharibi, hivyo ubavu wa meli unaotazama kusini haupigwi na jua kutwa nzima. Lakini kuanzia katikati ya Novemba hadi mwishoni mwa Januari jua huwa limepita utosi na kwenda kusini, na hubaki kusini tangu linachomoza hadi linazama. Mtu wa Johannesburg aliyezoea kwamba kusini ni kivuli atashangaa. Mtu wa Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini, hatashangaa, kwa kuwa kwao jua la adhuhuri huhamia kusini kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, na mafundi wa nyumba za pwani huliweka akilini wanapopanga baraza.

Tukiunganisha jua na ukingo, Chobe inampa msafiri wa majira ya baridi zawadi. Chumba kinachotazama mto kinatazama kusini, na kusini ndiko kwenye kivuli, na tembo walio ng'ambo wanamulikwa na jua linalotoka nyuma ya meli. Anayepiga picha hupata mwanga mzuri usoni mwa wanyama tangu asubuhi hadi alasiri, bila kupiga picha dhidi ya jua. Juni na Julai asubuhi za Chobe ni za baridi ya kweli, na mtu mzima anaweza kutamani dirisha la kaskazini ili jua limpashe mwili. Naielewa haja hiyo, lakini sidhani inatosha kumfanya aache mto, kwani baridi huondoka kabla ya saa tano na blanketi ni dawa yake. Oktoba, mwezi wa joto kali kuliko yote, jua la adhuhuri bado liko kaskazini kidogo ya utosi, na la jioni huzama karibu magharibi kabisa, yaani kwenye omo au tezi ya meli iliyofungwa sambamba na mto. Chumba cha kusini hakiteswi nalo. Desemba mambo hubadilika: ubavu wa mto ndio hupigwa na jua asubuhi na alasiri, na saa sita jua hupiga paa. Hapo aliye sitaha ya juu hupata joto kuliko aliye chini, hata awe ubavu gani. Mvua zimeanza, tembo wamerudi msituni kwenye madimbwi mapya, na dirisha la kusini halina tena thamani liliyokuwa nayo. Desemba na Januari, basi, ningemwambia msafiri achukue ubavu wa kaskazini bila wasiwasi. Uwanda wa Namibia wakati huo una kijani na ndege, na sauti ya furukombe husikika pande zote.

Pingamizi la kwanza ambalo lazima lijibiwe ni kwamba hakuna anayekaa chumbani. Watu hawalipi fedha nyingi kiasi kile ili watazame mto kupitia kioo. Huenda sitaha, au hupanda boti ndogo mara mbili kwa siku. Pingamizi hili ni zito na nalikubali kwa sehemu kubwa. Kijana mwenye miguu mizuri ataona wanyama wale wale hata akilala chumba kisicho na dirisha. Lakini linamsahau mtu ambaye safari hizi hununuliwa kwa ajili yake mara nyingi. Mzee mwenye magoti mabovu hashuki na kupanda boti ndogo mara nne kwa siku. Mama mwenye mtoto mchanga hukaa ndani saa za joto. Mgonjwa wa moyo huambiwa na daktari apumzike mchana. Na ratiba ya boti zenyewe huacha saa za katikati ya mchana tupu, saa ambazo Septemba na Oktoba tembo huanza kuteremka. Kwa hao chumba ndicho safari. Nadhani ni wajibu wa wakala kuuliza nani atasafiri kabla ya kusema pande zote ni sawa, na ni wajibu wetu, watoto na wajukuu tunaolipa, kusema bila kuulizwa.

Pingamizi la pili ni la watu wa meli wenyewe: nahodha hufunga chombo kulingana na maji na upepo wa siku hiyo, na hakuna anayeweza kuahidi. Ni kweli kabisa, na sitaki msomaji aende kumdai nahodha machweo. Lakini kutoweza kuahidi si sawa na kutojua. Ukingo wa kulala haubadiliki, kwa sababu mpaka na saa za hifadhi hazibadiliki. Mwelekeo wa jua hauna shaka. Msimu wa maji machache hurudi kila mwaka, ingawa tarehe zake husogea kulingana na mvua za Angola na Zambia. Kinachobaki bila uhakika ni omo tu, na hata hiyo ina desturi yake. Baharia wa jahazi naye hakuahidiwa upepo, lakini alijua kaskazi huvuma lini na kusi huvuma lini, akapanga safari kwa hayo. Mteja anayeambiwa kwamba uwezekano ni mkubwa wa chumba cha kushoto kutazama mto amepewa zaidi ya yule anayeambiwa hakuna tofauti.

Kuna jambo moja ambalo nalitanguliza mbele ya ubavu, nalo ni urefu wa dirisha kutoka majini. Maji yanapopungua meli hushuka nayo, lakini ukingo haushuki. Chumba cha sitaha ya chini kilichokuwa na uwanda mzima mbele yake mwezi wa Mei kinaweza Oktoba kutazama ukuta wa udongo. Kwa hiyo katika msimu wa tembo sitaha ya juu upande wa ukingo inaweza kushinda sitaha ya chini upande huo huo kwa mbali, na wakati mwingine ikakaribia ya mto. Ukilazimika kuongeza fedha kwa jambo moja tu, ongeza kwa urefu. Jenereta nalo liulizwe. Meli iliyofungwa huhitaji umeme wa feni na majokofu usiku, na chumba kilicho juu au kando ya injini, ambacho mara nyingi huwa karibu na tezi, kinaweza kuwa na mto mzuri na usingizi mbaya. Kwa Ziwa Kariba, ambako pia watu wa Johannesburg hupelekwa, nitasema kwa ufupi tu. Huko mwambao wa wanyama ni wa Zimbabwe, hifadhi ya Matusadona, ulio kusini mwa ziwa. Lakini vyombo huingia ndani ya ghuba na kugeukageuka kutafuta kinga ya upepo, na kukisia ubavu ni kazi bure. Chukua sitaha ya juu, basi.

Wapo watakaosema kwamba bei ikiwa moja kwa pande zote mbili, hiyo ni dalili kwamba kampuni yenyewe haioni tofauti. Sikubali. Kupanga bei kwa ubavu huleta ugomvi wa kila siku gatini, na kampuni yenye busara hukwepa kuuza ahadi ambayo upepo unaweza kuivunja. Bei moja maana yake ni kwamba anayeuliza mapema hupata kizuri bila kulipia, na asiyeuliza hupata kilichobaki. Vyumba hugawiwa kwa namba muda wa malipo ya awali, na katika meli yenye vyumba 14 nusu tu ndivyo vinavyoweza kuwa upande wa mto. Katika msimu wa Agosti hadi Oktoba hivyo huisha kwanza pale tu ambapo wateja wanajua. Muulize wakala namba za vyumba vya kusini kwa tarehe yako, si vya kushoto, kisha omba namba iandikwe kwenye hati ya malipo. Akisema haiwezekani kuandikwa, omba iandikwe kama ombi. Na kama wanaosafiri ni wazee wawili wasioshuka kwenye boti, na chumba cha kusini cha sitaha ya juu kimekwisha kwa Oktoba, heri kuisogeza safari hadi Juni au Julai. Meli wakati huo bado inatembea, jua bado liko kaskazini, tembo wameanza kurudi mtoni, na chumba chochote kitapata zamu yake ya Botswana.